Roberto Clemente: Nyota wa besiboli aliyekomea kwenye 3,000

JUMAMOSI, Septemba 30, 1972, mchezaji mmoja mweusi kutoka kisiwa cha Puerto Rico alishika gongo lake katika uwanja wa Three Rivers mjini Pittsburgh, Marekani. Mrushaji wa timu ya New York Mets, Jon Matlack, alimtupia mpira. Akaugonga, akatimua mbio, na refa alipoinua macho, mpigaji alikuwa amesimama kituo cha pili.

Hilo lilikuwa pigo lake la 3,000. Kabla yake ni wachezaji kumi pekee waliokuwa wamefikia idadi hiyo katika historia yote ya ligi kuu za besiboli Marekani, na hakuna hata mmoja wao aliyetoka Amerika ya Kilatini. Roberto Clemente alivua kofia akawapungia mashabiki. Walikuwa wapatao 13,000 tu, katika uwanja ambao ungeweza kubeba zaidi ya mara tatu ya idadi hiyo.

Hakuna aliyejua kwamba hesabu imefungwa. Miezi mitatu baadaye, usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, Clemente alikuwa ameaga dunia akiwa na umri wa miaka 38. Ukifungua vitabu vya takwimu za mchezo huo leo, mbele ya jina lake utakuta 3,000 kamili.

Mwana wa nyapara

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, anayejua kriketi au raundazi ya shule ya msingi hatapotea. Timu mbili za wachezaji tisa tisa hupokezana zamu. Mrushaji hutupa mpira kwa kasi, naye mpigaji hujaribu kuugonga na kukimbia hadi kituo cha kwanza kabla mpira haujafikishwa huko. Akifaulu, anaandikiwa pigo moja. Si kazi rahisi: mpigaji anayefaulu mara tatu katika kila majaribio kumi huhesabiwa kuwa hodari.

Upande wa pili, walinzi watatu husimama mbali kabisa, nyuma ya uga, kudaka mipira mirefu na kuirudisha upesi. Clemente alikuwa mlinzi wa pembe ya kulia.

Alizaliwa Agosti 18, 1934, katika mji wa Carolina, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake, Melchor, alikuwa nyapara katika mashamba ya miwa. Inasimuliwa kwamba Roberto alipotaka baiskeli, baba yake alimwambia aifanyie kazi, na kijana akawa anabeba mikebe ya maziwa kila asubuhi kwa senti chache hadi akaipata.

Akiwa shule ya upili, alisifika zaidi kwa kurusha mkuki kuliko kwa besiboli. Mkono huo wa mkuki ndio uliokuja kuwatia hofu wapinzani wake. Mwaka wa 1952, akiwa na miaka 18, klabu ya Santurce ya huko kwao ilimsajili.

Februari 1954, klabu tajiri ya Brooklyn Dodgers ilimpa dola 10,000 atie sahihi mkataba, kisha ikampeleka katika timu yake ndogo ya Montreal, Kanada. Sheria za wakati huo zilisema kwamba mchezaji aliyelipwa kiasi kikubwa namna hiyo asipowekwa katika timu kubwa, klabu nyingine ingeweza kumchukua mwishoni mwa msimu. Pittsburgh Pirates, waliokuwa wameshika mkia katika ligi, ndio waliopewa nafasi ya kwanza ya kuchagua. Novemba 22, 1954, walimchukua Clemente kwa dola 4,000.

Wakongwe wa Pittsburgh wangali wakisema kwamba hakuna mji uliowahi kununua kitu cha thamani namna hiyo kwa bei rahisi namna hiyo. Aliwachezea misimu yote 18 ya maisha yake ya ligi kuu. Hakuhama.

Jina alilokataa

Lakini Marekani ya mwaka wa 1955 haikumpokea kwa mikono miwili. Timu ilifanya mazoezi ya kabla ya msimu katika jimbo la Florida, ambako sheria za ubaguzi zilikuwa bado zinatawala. Wachezaji weupe walilala na kula hotelini. Weusi walitafutiwa malazi katika mitaa ya weusi. Clemente, aliyetoka kisiwa ambako hakuwahi kufukuzwa mezani kwa sababu ya rangi yake, alilalamika waziwazi.

Yeye alibeba mizigo miwili: alikuwa mweusi, na Kiingereza hakikuwa lugha yake. Baadhi ya waandishi wa magazeti walikuwa wakiandika maneno yake kwa tahajia ya kumkejeli, ili wasomaji wacheke matamshi yake. Alipolalamikia maumivu ya mgongo, alioumia katika ajali ya gari mwaka wa 1954, aliitwa mtegeaji.

Tena wakamchagulia jina. Watangazaji walimwita "Bob", na kwa miaka kadhaa hata kadi za picha zilizouzwa kwa watoto ziliandikwa Bob Clemente, kana kwamba Roberto ni jina zito mno kwa ulimi. Yeye alisisitiza kwamba anaitwa Roberto. Kwa wengine hilo lilikuwa jambo dogo. Kwake lilikuwa sawa na kuambiwa kwamba anakaribishwa uwanjani bila kwao, bila lugha yake na bila wazazi wake.

Fulana yake ilikuwa nambari 21. Ukihesabu herufi za jina lake kamili, Roberto Clemente Walker, utapata 21 barabara. Walker lilikuwa jina la ukoo wa mama yake, Luisa.

Ngazi kwa ngazi

Katika uwanja, alijibu kwa vitendo. Julai 25, 1956, Pirates wakiwa nyuma kwa alama tatu dhidi ya Chicago Cubs na vituo vyote vitatu vikiwa na wenzake, aligonga mpira hadi ukutani. Wenzake watatu wakaingia nyumbani. Mkufunzi wake alimwashiria asimame kituo cha tatu, lakini Clemente alipitiliza, akazunguka uwanja mzima na kutumbukia nyumbani yeye mwenyewe. Pirates wakashinda 9-8.

Mwaka wa 1960, Pirates walichukua ubingwa wa World Series, wao kwa New York Yankees, baada ya kuusubiri tangu mwaka wa 1925. Clemente alipata pigo katika kila moja ya mechi saba za fainali hizo. Hata hivyo, kura za kumteua mchezaji bora wa ligi zilipohesabiwa, alikuwa wa nane. Hakuificha hasira yake.

Mwaka uliofuata alikuwa mpigaji bora wa ligi yake, akifaulu mara 351 katika kila majaribio 1,000. Alilinyakua taji hilo tena mwaka wa 1964, 1965 na 1967. Mwaka wa 1966, hatimaye, akatangazwa mchezaji bora wa ligi, baada ya msimu aliofunga homurani 29, yaani mapigo ya kumwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote mpaka nyumbani.

Na ulinzi je? Kuanzia mwaka wa 1961 hadi 1972 alitwaa tuzo ya Glavu ya Dhahabu, ya walinzi bora, mara 12 mfululizo. Katika maisha yake ya uchezaji, mkono ule wa mkuki ulichangia kutolewa kwa wapinzani mara 266. Wakimbiaji wengi waliona heri kusimama kituoni kuliko kujaribu bahati zao mpira ukiwa mkononi mwake.

Septemba 1, 1971, Pirates walifanya jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana katika ligi kuu. Waliingia uwanjani na wachezaji tisa wa kwanza ambao wote walikuwa weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Clemente alikuwa katika pembe yake ya kulia. Waliwalaza Philadelphia 10-7.

Mwezi uliofuata walikutana na Baltimore Orioles katika fainali. Clemente, sasa akiwa na miaka 37, alipata mapigo 12 katika mechi saba, na katika mechi ya mwisho, iliyoisha 2-1, akafunga homurani. Akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Baada ya mechi, kamera za televisheni zilimzunguka. Taifa zima la Marekani lilikuwa likisubiri neno lake. Aliomba kwanza aseme na wazazi wake, na akasema kwa Kihispania, akiwaomba baraka zao. Yule aliyechekwa kwa Kiingereza chake alichagua siku kubwa kuliko zote kusema lugha ya nyumbani.

Ndege ya mkesha

Novemba 1972, baada ya kufikisha yale mapigo 3,000, Clemente alikwenda Nicaragua kuiongoza timu ya ridhaa ya Puerto Rico katika mashindano ya dunia. Alikaa huko majuma kadhaa na kupata marafiki wengi. Alikuwa amerudi kwao Desemba 23, tetemeko la ardhi lilipoubomoa mji mkuu, Managua. Maelfu ya watu walikufa na wengine wengi zaidi wakabaki bila makao.

Wengine wangetoa hundi na kurudi kwenye sherehe za Krismasi. Clemente alikubali kuongoza kamati ya misaada, akawa akipita nyumba kwa nyumba kuomba chakula, nguo na dawa. Ndege zikatumwa. Kisha habari zikaja kwamba misaada haiwafikii waathiriwa, kwa kuwa wanajeshi wa dikteta Anastasio Somoza wanaiteka na kuigawana.

Hapo ndipo alipoamua kwenda mwenyewe. Aliamini kwamba hakuna askari ambaye angethubutu kumwibia Roberto Clemente mbele ya macho yake. Msomaji wa nchi yetu, ambako chakula cha njaa kimewahi kupotea njiani, hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndege aliyoipata ilikuwa DC-7 kuukuu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba ilizidishiwa mzigo kwa takriban kilo 1,900. Usiku wa Desemba 31, 1972, ilipaa kutoka uwanja wa San Juan, na baada ya muda mfupi ikatumbukia baharini. Watu wote watano waliokuwamo walifariki. Mkewe Vera alibaki na wana watatu wadogo.

Asubuhi ya Mwaka Mpya, umati ulijaa ufukweni. Siku zilizofuata, Manny Sanguillén, mdakaji wa Pirates na rafiki yake mkubwa, hakuhudhuria ibada ya kumkumbuka marehemu. Alikuwa majini na wapiga mbizi, akimtafuta. Mwili wa Clemente haukupatikana kamwe.

Kumbukumbu

Kwa kawaida, mchezaji alitakiwa kukaa miaka mitano nje ya uwanja kabla ya kufikiriwa kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown, jimbo la New York. Kwa Clemente, sharti hilo liliwekwa kando. Machi 20, 1973, waandishi wa michezo walipiga kura maalum na 393 kati ya 424 wakamuunga mkono. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini kuingia humo. Tangu wakati huo sheria ikabadilishwa, ili anayefariki kabla ya miaka mitano aweze kufikiriwa baada ya miezi sita.

Pirates waliistaafisha fulana nambari 21. Kila mwaka, ligi kuu humtuza mchezaji anayeunganisha umahiri uwanjani na huduma kwa jamii, na tuzo hiyo inaitwa kwa jina lake. Vera, hadi alipofariki mwaka wa 2019, alishughulikia ndoto ya mumewe ya kuwa na kituo cha michezo cha vijana huko Carolina, mahali pa watoto ambao wazazi wao hawana uwezo.

Lakini kuna jambo moja lililochelewa. Bamba la shaba lililowekwa Cooperstown mwaka wa 1973 liliandikwa "Roberto Walker Clemente". Kwa desturi ya Kihispania, jina la ukoo wa baba hutangulia na la mama hufuata. Kwa hivyo walikuwa wamelipindua. Kosa hilo lilirekebishwa mwaka wa 2000. Mapigo yake yalihesabiwa sawasawa tangu siku ya kwanza, ila jina lake lilichukua miaka 27.

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watasikia mara nyingi kwamba bidii huleta nambari nzuri, iwe ni katika mtihani au uwanjani. Ni kweli, na Clemente ni ushahidi. Lakini alipopanda ndege ile hakuwa na nambari yoyote aliyokuwa akiitafuta. Alikuwa na mablanketi, chakula na dawa, na alitaka vifike kwa wenyewe.