Neema ya Nchi na Mgawanyo Wake

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya neno lisikikalo mara nyingi, nalo ni kukua kwa uchumi. Mtu husikia ya kwamba nchi imeneemeka, kisha hutazama debe lake la unga, akaona ni lile lile la jana. Je, ameongopewa? La, hakuongopewa, lakini hakuelezwa yote.

Uchumi wa nchi ni jumla ya vitu na kazi zote zifanywazo humo kwa mwaka. Jumla ikizidi, husemwa uchumi umekua. Lakini jumla haisemi nani amepata nini. Mwezi wa Julai 2020 Benki ya Dunia iliihesabu Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati, daraja la chini. Lakini hesabu ya serikali ya mwaka 2017/18 ilionyesha ya kwamba Tanzania Bara, katika kila watu mia, 26 hawakuweza kupata mahitaji ya lazima. Dar es Salaam walikuwa 8 katika mia. Rukwa walikuwa 45.

Wako wasemao ya kwamba watu wa mbali ni wavivu. Neno hilo si kweli, maana Rukwa ni ghala la mahindi. Sababu kubwa ni njia, kwani mti hauendi ila kwa nyenzo. Sisi wa Visiga twakaa kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Gunia la mihogo lipakiwalo asubuhi hufika Dar es Salaam siku ile ile. Ndugu zetu wa Lindi na Mtwara walikuwa na korosho nyingi, lakini mto Rufiji uliwazuia, wakavuka kwa kivuko hata lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003.

Sababu ya pili ni namna serikali ilivyojipanga. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ilishika mabenki na viwanda vikubwa. Baadaye mashirika mengi yakapata hasara, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo katika miaka ya 1990 mengi yaliuzwa, na mwaka 1996 Mamlaka ya Mapato ikaanza kazi. Hazina ikapata nguvu, lakini watu wengi wakapoteza kazi. Na mwenye fedha hujenga kiwanda penye barabara, umeme na bandari.

Tena sheria ya mwaka 2018 iliziamuru halmashauri zitenge sehemu 10 katika mia ya mapato yao, wakopeshwe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Amri ni njema. Lakini fungu la kumi la shilingi elfu ni mia, na fungu la kumi la shilingi mia ni kumi tu. Kanuni moja kwa wasiolingana huwaacha vile vile, isipokuwa Hazina imwongeze aliye nyuma.

Basi, katika mkutano ulizeni kwa adabu: fedha kiasi gani zimeingia, na zimefanya nini? Nasi tulio kando ya barabara tusijisifu, maana mwenye shibe hamjui mwenye njaa.