Mkopo wa kupaua nyumba usidaiwe Novemba

Kutoka Dongobesh hadi Haydom, na kutoka Katesh kwenda Basotu, nyumba nyingi zimesimama nusu. Kuta za tofali za kuchoma zimefika kwenye linta, madirisha ni matundu, majani yameota sebuleni, na mwenye boma bado analala katika nyumba ya zamani pembeni. Huelezwa kuwa mkulima hana pesa, lakini maelezo hayo hayatoshi. Pesa hupita mikononi mwake kila mwaka baada ya mavuno, na siku hizi hata mkopo anao mfukoni, ndani ya simu. Ninachosema ni kwamba kwa anayejenga Mbulu na Hanang, swali la kwanza kuhusu mkopo si nani anautoa, wala si riba yake. Ni mwezi gani utadaiwa.

Mijini swali huwa kama mtu akarabati nyumba kwa kadi ya mkopo au kwa mkopo wa benki. Kadi za mkopo zipo Tanzania, ila kadi walizonazo watu wengi wa wilaya hizi ni za kutolea akiba yao wenyewe, si za kukopea. Kazi ya kadi ya mkopo huku inafanywa na simu. Salio la M-Pesa likipungua dukani, huduma ya Songesha inajazia na muamala unakamilika. Ukitaka pesa taslimu, ziko huduma kama M-Pawa, iliyoanza mwaka 2014. Tabia ya mikopo hii ni ileile ya kadi: haina dhamana, haina fomu, inakuja kwa dakika, na bei yake ni kubwa kwa sababu imetengenezwa kwa siku chache. Kwa pengo dogo inafaa kabisa. Fundi yuko juu ya kenchi, kofia mbili za paa zimepungua, mawingu yamejikusanya na pesa ya mahindi inaingia wiki ijayo: kopa kwenye simu, maliza paa, lipa. Kosa ni kuchukua mkopo huo kununua bando zima la mabati.

Tazama kalenda. Wilaya hizi hupata mvua kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei. Mavuno ya mahindi na ngano huanza katikati ya mwaka, na miezi ya ukavu, Julai hadi Oktoba, ndiyo miezi ya mafundi. Kwa hiyo pesa na msimu wa ujenzi hufika pamoja, na hilo ni jambo jema. Tatizo huja Oktoba, pesa ya mavuno imekwisha kwenye kuta na paa bado. Hapo ndipo mtu hukopa. Akichukua mkopo wa siku 30, utadaiwa Novemba, wakati anatakiwa kununua mbegu na mbolea, na hana kingine cha kuuza mpaka Juni. Atalipa kwa kukopa pengine, au atauza mahindi yangali shambani kwa bei ya mnunuzi. Nyumba itakuwa imepauliwa kwa chakula cha mwaka unaofuata.

Hesabu yake ni hii. Chukua ada ya asilimia 9 kwa mwezi, kiwango ambacho M-Pawa ilianza nacho. Shilingi 200,000 zikikopwa na kurudiwa mwezi baada ya mwezi kuanzia Oktoba hadi Juni, ni miezi minane, ada peke yake ni shilingi 144,000, na zile 200,000 bado zinadaiwa. Kiasi hichohicho katika SACCOS inayotoza, tuseme, asilimia 1.5 kwa mwezi kingegharimu shilingi 24,000 kwa miezi hiyo minane, hata kama hakuna kilichopunguzwa katikati. Wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wamewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, na hicho pia ni kizito kwa paa. Chini yao wako wasio na leseni kabisa, wale ambao wananchi wamewaita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Programu ya aina hiyo ikikudai, hutumia namba zilizomo kwenye simu yako kuwatangazia ndugu na majirani. Hakuna bati la kulipia aibu hiyo.

Nitaambiwa kwamba mkulima hana mshahara wala hati, hivyo benki haimtaki. Kwa mwalimu au muuguzi wa Haydom pingamizi hilo halipo: mshahara wake ndio dhamana, riba ya benki kwa wastani ni kama asilimia 15 kwa mwaka, na utaratibu unamtaka abaki na angalau theluthi moja ya mshahara. Huyo hana sababu ya kujengea nyumba kwa simu. Kwa mkulima, ni kweli kwamba hati miliki ya kimila, inayotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, bado haifungui milango mingi ya benki. Ndiyo maana nasema SACCOS na vikoba, ambako dhamana ni hisa zako na watu wanaokujua. Watasema ni taratibu za polepole. Ni kweli, na dawa yake ni kuomba Julai, siyo Oktoba.

Pingamizi zito zaidi ni la wazee wanaosema usikope kabisa, jenga kidogo kidogo. Nalikubali nusu. Tofali zinaweza kusubiri, mawe ya msingi yanaweza kusubiri, mbuzi zizini anaongezeka. Saruji haisubiri: mfuko wa kilo 50 ukilala miezi kadhaa kwenye sakafu yenye unyevu hushika na kuwa jiwe. Na ukuta usio na paa hunyeshewa misimu miwili, mitatu, ule wa tofali mbichi ukaanza kumeguka juu. Hivyo jenga kuta kwa akiba, na ukikopa kopa kwa ajili ya kupaua, hatua moja inayoanza na kwisha, halafu mvua haikugusi tena. Lipu na dari vitafuata mavuno mengine.

Hanang ina somo jingine ambalo mkopeshaji hatakuuliza. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa na nyumba nyingi zikafukiwa. Deni halifukiwi pamoja na nyumba. Kabla ya kukopa kwa ajili ya bati, hakikisha boma halikai kwenye njia ya maji, na kama lipo, pesa ya kwanza iende kwenye mtaro au kwenye kuhama. Uliza pia bima ya mkopo inalinda nini: nyingi hulipa mkopaji akifariki, siyo nyumba ikiondoka. Una haki ya kuelezwa gharama yote na masharti yote kabla ya kuweka sahihi.

Viongozi wa vikoba na SACCOS za Mbulu na Hanang wanaweza kulimaliza hili bila kusubiri mtu kutoka Dodoma. Vikoba vingi huvunjwa Desemba, gawio likaishia kwenye sikukuu na ada za shule. Vivunjwe Agosti, mafundi wakiwa kazini. SACCOS nazo zianzishe mkopo wa kupaua unaotolewa kabla ya Oktoba na kulipwa kwa mikupuo miwili, Julai na Agosti ya mwaka unaofuata, pesa ikilipwa moja kwa moja kwa duka la mabati. Mkutano mkuu mmoja wa wanachama unatosha kulipitisha.