Samaki mwenye woga: namna ya kumsaidia ajisikie salama ndani ya akwariamu

Katika maji ya kwetu Kongo kuko samaki ambao watu wa Ulaya, Marekani na Asia wananunua si juu ya kula, lakini juu ya kuangalia tu. Wanawaweka ndani ya sanduku la vioo lenye kujaa maji, ndiyo wanaita akwariamu. Wengine wanatoka Ziwa Tanganyika, kule nyuma ya milima ya Fizi. Wengine wanatoka katika mto Kongo wenyewe, ule ambao sisi wa Kasongo tunaita Lualaba. Biashara hii si ya jana: Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa anatuma samaki wa Tanganyika inje toka Bujumbura tangu miaka ya 1970, na kuko samaki wa ziwa aliyepewa jina lake mwaka 1974.

Shida ni hii: samaki anafika, anawekwa pamoja na wengine, anajificha kwenye kona, hakuli, na kisha majuma machache anakufa. Mwenyewe anasema ni ugonjwa. Mara mingi ugonjwa haukuwa wa kwanza. Kilichoanza ni woga, woga ukaleta njaa, njaa ikaleta kifo.

Kwa nini anaogopa?

Mtoni samaki mdogo hakai wazi. Kuko mizizi, mawe, matope, majani na kivuli. Maadui wanakuja toka juu na toka pembeni, lakini yeye anajua tundu lake liko wapi. Ndani ya akwariamu mambo yanageuka: mwangaza unaingia pande zote, watu wanapita mbele ya kioo, watoto wanagonga kwa kidole, na samaki wakubwa wanamfukuza bila yeye kuwa na fasi ya kukimbilia.

Alama za woga si ngumu kuona. Rangi yake inafifia, mapezi yanabana mwili, anapumua mbiombio, ao anashtuka na kujigonga kwenye kioo. Wengine wanaruka mpaka inje ya maji, kwa hiyo akwariamu inahitaji kifuniko.

Mfano: samaki mwenye pua ya tembo

Mmoja wa wale wenye woga sana anatoka katika bonde la mto wetu. Wenye elimu wanamuita Gnathonemus petersii. Jamaa zake wako ndani ya Lualaba, na kule Tanzania samaki wa ukoo huo wanaitwa domodomo. Watu wanasema ana pua ya tembo, lakini ile si pua, ni kidevu kilichorefuka. Anakitumia kuchimbua mchanga na kutafuta minyoo na vidudu.

Samaki huyu anatoa umeme mdogo sana katika mkia wake. Si kama yule mwenye kutetemesha mkono wa mvuvi. Huu wa kwake mkono wa mtu hausikii. Kwa umeme huo anajua kitu gani kiko mbele yake, hata usiku, hata katika maji machafu ya mvua. Ni samaki wa giza. Ukimuweka chini ya taa kali, juu ya mawe makali, katikati ya samaki wenye fujo, umemnyima karibu kila kitu alichozoea.

Nyumba ndiyo inamtoa inje

Watu wengi wanafikiri hivi: nikiweka mafichio mengi, sitamuona tena samaki wangu. Basi wanaondoa mawe na majani ili wamuone vizuri. Hapo wanakosea. Samaki asiyekuwa na tundu anabaki amejibana kwenye kona siku nzima. Mwenye tundu karibu anatoka, anatembea, anakula, sababu anajua akishtuka atafika kwake haraka.

Angalia visamaki vya Tanganyika vyenye kukaa ndani ya maganda matupu ya konokono. Aina moja, Neolamprologus multifasciatus, haifikishi hata sentimita 5. Kivuli kikipita, wote wanazama ndani ya maganda. Baada ya muda mfupi wako inje tena. Waondolee maganda, uone kama watatulia.

Cha kufanya

Kwanza, *fasi ya kujificha*. Vipande vya mianzi, chungu kilichovunjika, kisiki, mawe yaliyopangwa vizuri yasianguke. Idadi ya matundu ipite idadi ya samaki, ili asiwe mmoja anayelinda yote. Chini weka mchanga laini, maana kokoto kali zinaumiza kidevu cha domodomo.

Pili, *punguza mwangaza*. Majani yenye kuelea juu ya maji yanaleta kivuli. Upande wa nyuma wa kioo funika kwa karatasi ao kitambaa cheusi. Siku ya kwanza ya mgeni, zima taa kabisa.

Tatu, *chagua majirani*. Usimchanganye mwoga na samaki wa vita, wala na wale wenye kumaliza chakula kwa haraka. Samaki watulivu wenye kuogelea wazi, kama kundi la Phenacogrammus interruptus wa mto Kongo, wanamsaidia sana: akiona wenzake wanatembea bila hofu, anaelewa kwamba hatari haiko. Nao wakae 6 ao zaidi, sababu peke yao pia wanaogopa. Domodomo wenyewe, weka mmoja ao kundi la 5 na kuendelea. Wakiwa 2 ao 3, mkubwa anamtesa mdogo mpaka anakufa.

Ine, *mlishe saa yake*. Samaki wa usiku apewe minyoo na vidudu kisha taa kuzimwa, wakati wenye fujo wamelala.

Tano, *maji*. Domodomo anasikia haraka maji yakiharibika. Huko Ujerumani wamewahi kumtumia kuchunguza maji ya kunywa. Hapa kwetu umeme ni wa shida na mashine ya kuchuja inazima, basi weka samaki wachache na ubadilishe sehemu ya maji mara kwa mara, si yote kwa siku moja.

Sita, *uvumilivu*. Mgeni anaweza kukawia siku nyingi kabla ya kutoka. Usimfukuze kwa mkono, usihamishe mawe kila siku ukimtafuta.

Na wenye mabwawa?

Wachungaji wa tilapia wa Kasongo na Kabambare, somo hili ni lenu pia. Samaki wadogo wakiwekwa pamoja na kambale wakubwa wataliwa, na wenye kubaki watakaa wamejificha badala ya kula. Watenganishe. Funga matawi kwenye kona moja ya bwawa, watoto wa samaki wakimbilie humo wakiona ndege wavuvi. Toa chakula fasi moja, saa moja, ili wazoee.

Mwenye kukosa nafasi na maji mazuri, heri amuache domodomo Lualaba. Na mwenye kuchoka naye asimtupe katika mto wowote ule. Amtafutie mtu mwingine wa kumfuga.