Tablatura ya gita: Maandishi ya vidole yasiyostahili kupuuzwa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwaasa wafanyabiashara, lakini hapana shaka inawahusu pia walimu na wanafunzi wa muziki katika eneo hili letu, kuanzia Muhoroni penye mashamba ya miwa hadi Kisumu na mwambao wa Ziwa Viktoria. Mali tunayoizungumzia ni ufundi wa kupiga gita la benga. Wengi wa walioujenga ufundi huo wamekwisha kutuaga. Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, alifariki mwaka wa 2006 katika ajali ya barabarani mjini Kisumu. Santuri na kanda zimebaki, na mnamo 2008 Ketebul Music ya Nairobi ilitoa kitabu kuhusu historia ya benga, kikiandamana na sauti na picha. Hata hivyo, kuhifadhi sauti ni jambo moja, na kujua vidole vilipita wapi ni jambo jingine.

Yapo maandishi yaliyobuniwa kwa haja hiyo hasa, nayo huitwa tablatura. Wasiopiga gita, wakiwemo baadhi ya walimu waliofunzwa nota za mistari mitano, huyatazama mara moja, wakaona rundo la tarakimu, wakayaacha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba asiyewahi kulishika gita anaweza kuyasoma, na kwamba ana sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Tuanze na chombo chenyewe. Gita la kawaida lina nyuzi sita. Shingo yake imegawanywa kwa vijiti vyembamba vya chuma, mithili ya muwa uliogawanywa na mafundo. Basi na tuziite nafasi zilizo baina ya vijiti hivyo pingili. Tablatura ni mistari sita ya mlalo, kila mmoja ukisimamia uzi mmoja. Tarakimu iliyoandikwa juu ya mstari hutaja pingili ya kubanwa kwa kidole, tukihesabu kutoka upande wa kichwa cha gita. Tarakimu 3 katika mstari wa pili humaanisha: bana uzi wa pili katika pingili ya tatu, kisha uupige. Sufuri humaanisha uzi upigwe bila kubanwa. Tarakimu zikifuatana kutoka kushoto kwenda kulia, sauti nazo hufuatana. Zikipangwa wima, nyuzi hupigwa kwa pamoja.

Jambo moja humtatiza mgeni. Mstari wa juu kabisa husimamia uzi mwembamba kuliko wote, ilhali mpigaji anapolishika gita, uzi huo ndio ulio karibu zaidi na sakafu. Picha yaonekana kupinduliwa. Ufumbuzi ni rahisi: sauti ya juu imeandikwa juu na sauti nzito chini. Huo ni mkataba tu baina ya waandishi na wasomaji. Waitalia wa karne ya 16, walioandika muziki wa ala iliyotokana na udi wa Waarabu, ule ule unaosikika katika taarabu ya Zanzibar, waliuweka uzi mzito juu; Wafaransa wakafanya kinyume, tena wakatumia herufi mahali pa tarakimu. Kitabu cha Francesco Spinacino chenye maandishi ya aina hii kilipigwa chapa Venice mwaka wa 1507. Kwa hiyo tablatura si mzaha wa vijana wa juzi.

Mwanakwaya aliyezoea do, re, mi ana ufunguo mwingine mkononi. Kila pingili hupandisha sauti kwa nusu hatua, na pingili 12 hukamilisha ngazi nzima. Tukiuita uzi usiobanwa do, basi re i katika pingili ya 2, mi ya 4, fa ya 5, so ya 7, la ya 9, ti ya 11, na do ya juu ya 12. Ili kuvuka kutoka uzi hadi uzi, inatosha kukumbuka kwamba pingili ya 5 ya uzi wa sita, ulio mzito kuliko wote, hutoa sauti ile ile ya uzi wa tano usiobanwa. Hali huwa hiyo hiyo kwa nyuzi zinazofuata, isipokuwa baina ya uzi wa tatu na wa pili, ambapo hesabu ni 4. Mwenye maarifa haya machache aweza kuuimba wimbo ulioandikwa kwa tablatura bila kuwa na gita chumbani.

Kwa mtazamo wa isimu, tofauti kati ya maandishi haya na nota za kawaida ni ya kimsingi. Nota hueleza sauti gani isikike. Tablatura hueleza mwili ufanye nini ili sauti hiyo itoke. Mwaka wa 1867 Alexander Melville Bell alichapisha mfumo wa kuandika matamshi ambao alama zake zilionyesha mkao wa ulimi na midomo. Hiyo nayo ilikuwa tablatura, ila chombo chake kilikuwa kinywa. Faida yake kwa gita ni dhahiri. Sauti moja yaweza kupatikana katika nyuzi kadhaa, na nota haisemi ni uzi upi. Kwa mpigaji, uchaguzi huo ndio unaoamua kama kidole kitawahi pigo linalofuata, na kama sauti itakuwa kali au nzito.

Pamoja na sifa hizo, tablatura ina kasoro ambayo haifai kufichwa. Tablatura nyingi za siku hizi hazionyeshi muda wa kila sauti. Msomaji hulazimika kuujua wimbo kabla ya kuusoma. Lakini ni maandishi gani yasiyoacha kitu? Tahajia ya Kidholuo tuliyoizoea haionyeshi toni, ingawa toni hutofautisha maana. Msomaji huijaza kutokana na ujuzi wake wa lugha. Maandishi huwategemea watu wanaoijua lugha, na pindi watu hao wanapotoweka, pengo hudhihirika. Benga imo katika hatari hiyo hiyo.

Dawa ipo katika daftari la hesabu. Mwalimu na achore mistari sita kwenye karatasi ya miraba, na kila mraba kwa mlalo uwe pigo moja dogo, sawa kwa wote. Tarakimu ikikaa ndani ya mraba wake, muda wa kuanza kwake umekwisha kujulikana; mraba mtupu humaanisha kwamba hakuna pigo jipya.

Tena mbinu hii haiishii kwenye gita. Nyatiti, ambayo wengi huiona kama mzazi wa upigaji wa benga, ina nyuzi nane zisizo na pingili. Kwa hiyo haihitaji tarakimu: mistari minane na nukta yatosha. Tukiongeza mstari wa tisa kwa ajili ya pete ya chuma ambayo mpigaji huivaa kidoleni mwa mguu na kuigonga kwenye chombo, tutakuwa tumeandika kazi ya mwili mzima.

Wapo watakaosema kwamba muziki wetu hujifunzwa kwa sikio, na kwamba kuuandika ni kuugandisha. Hoja hiyo ina uzito, kwani hakuna karatasi iwezayo kuchukua nafasi ya mzee aliyeketi na mwanafunzi. Lakini mzee huyo hatadumu milele. Tayari mwaka wa 1961 na 1962 David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa kina wa upigaji wa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba pia kwa Kiswahili. Iwapo mgeni aliona vidole hivyo vinastahili kuandikwa, sisi wenyeji tunangoja nini?

Kwa hivyo, rai yetu kwa walimu ni hii: kila darasa la muziki na limtafute mpigaji mmoja wa gita au nyatiti katika mtaa wake, limwombe idhini, na liandike kipande kimoja cha wimbo kwa miraba. Mpigaji mwenyewe ndiye awe msahihishaji, na jina lake liandikwe juu ya karatasi. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mwanafunzi asiyejua kupiga hata uzi mmoja, mradi ajue kuhesabu na kutazama vidole kwa makini.