Mgongo wa Kioo: Simu Zilizovunja Rekodi na Zilizovunjika Tu

Kioo kinachosukwasukwa kuliko vyote Bujumbura hakiko kwenye simu. Ni chupa ya bia ya Primus, ile ya sentilita 72, inayotoka mtaa wa viwanda, Zone Industrielle, kwa lori, inapanda milima, inafunguliwa, inarudi tupu, inaoshwa na kujazwa tena. Brarudi, kiwanda kinachoitengeneza bia hiyo, ilianzishwa mwaka 1955 na haikuhitaji kioo cha ajabu kwa kazi hiyo. Chupa ni nene, ni ya duara, na husafiri ndani ya kreti la plastiki. Simu ya bei mbaya ina mgongo wa kioo usiofika unene wa milimita moja, ina pembe nne za kuangukia, na mwenyewe anaona haya kuivalisha kava asije akaficha rangi aliyoilipia.

Tuzipange basi simu hizi kwa rekodi zao, tuone ni ipi ingemaliza mwaka katika mtaa wa viwanda, baina ya sakafu za zege na barabara za mawe.

Iliyoanza kuvuma kwa kioo mbele na nyuma ni iPhone 4, aliyoitambulisha Steve Jobs Juni 2010. Kichekesho ni kwamba mwezi uliofuata Apple yenyewe ilianza kugawa kava za bure. Si kwa sababu ya kuvunjika: antena ilikuwa kwenye ukingo wa chuma, na mtu akiishika vibaya mtandao ulikuwa ukidhoofika. Hata hivyo rekodi inabaki palepale. Simu iliyoleta fasheni ya mgongo wa kioo ndiyo iliyolazimika kuvalishwa na aliyeitengeneza. Nexus 4 ya mwaka 2012 ilifuata njia hiyo, Samsung ikaingia na Galaxy S6 mwaka 2015, na mwaka 2017 Apple ikarudi kwenye kioo kwa iPhone 8 na iPhone X.

Hiyo iPhone X ina mataji mawili ambayo hakuna anayeyatamani. Kampuni ya bima ya vifaa ya SquareTrade iliiangusha katika majaribio yake na kutangaza kuwa ndiyo iPhone rahisi kuvunjika kuliko zote zilizotangulia. Taji la pili ni la bei. Simu ilianza kuuzwa dola 999 Marekani, na kutengeneza mgongo wake bila bima kuligharimu dola 549. Kioo cha mbele, chenye picha na mguso, kilikuwa dola 279. Yaani ile sehemu isiyofanya kazi yoyote unayoiona ilikuwa ghali karibu mara mbili ya ile unayoitazama kutwa nzima.

Sababu utaielewa ukimtazama fundi simu akiwa kazini, mtaa wa Buyenzi au popote penye meza ya namna hiyo. Kioo cha nyuma kimegandishwa kwa gundi kali juu ya fremu, na kamera zimejitokeza katikati yake kwa pete za chuma. Fundi anaipasha simu moto, anapenyeza kipande chembamba cha plastiki, kisha anakwangua vigae kimoja kimoja, taratibu, kwa kuwa chini yake kuna koili ya kuchajia iliyo nyembamba kama karatasi. Anafuta kwa spiriti. Anapaka B-7000, gundi ambayo mafundi wa mabara yote wanaijua kwa namba, analaza kioo kipya na kuifunga simu kwa mipira mpaka ikauke. Kazi ni safi, lakini usiipeleke simu hiyo majini tena ukitegemea ahadi iliyoandikwa kwenye boksi. Apple ilikuja kulainisha jambo hili mwaka 2022: iPhone 14 ya kawaida ikatengenezwa ili mgongo ufunguke peke yake, na bei yake ikashuka hadi dola 169.

Kisa kilichovuma cha simu kuanguka kutoka juu hakihitaji chumvi. Januari 5, 2024, ndege ya Alaska Airlines, safari namba 1282, ilipasuka ubavuni muda mfupi baada ya kuruka kutoka Portland, ikiwa kwenye kimo cha takriban mita 4,900. Vitu vya abiria vilinyonywa nje, na siku mbili baadaye mkazi mmoja wa huko akaokota iPhone kando ya barabara, inawaka, betri ikiwa na nusu ya chaji, kioo kizima. Watu wakasema basi, kumbe hizi simu ni chuma! Sivyo. Kitu chepesi na bapa kikianguka hewani hufika kasi ambayo upepo hauiruhusu kuzidi, kiwe kimetoka kilomita moja au tano. Kilichobaki ni bahati ya kilichokipokea chini, na hii ilipokewa na majani. Simu inayotoka mfuko wa shati, mita 1.3 tu, hufika sakafuni kwa kasi ya kilomita 18 kwa saa hivi, na zege la bohari halina huruma ya majani.

Kwa waliotaka ushindani rasmi, Guinness wa rekodi za dunia waliitambua Sonim XP3300 Force mwaka 2011 kwa kunusurika kuanguka mita 25. Ilikuwa na mwili wa mpira na plastiki ngumu, sura ya kifaa cha mjenzi, na kama ni wewe usingeipiga picha kuionyesha mtu.

Simu iliyouzwa kuliko zote ni Nokia 1100 ya mwaka 2003, zaidi ya milioni 250, ile yenye tochi. Hapa ningependa kukaa kidogo, maana watu husifu Nokia za zamani kana kwamba zilikuwa na uchawi. Zilikuwa na wepesi. Hata 3310 ya mwaka 2000, inayoitwa tofali, ilikuwa na gramu 133, wakati Galaxy S24 Ultra inapita 230. Skrini ilikuwa ndogo, imezama chini ya plastiki inayopinda badala ya kupasuka. Na zilijua kutawanyika: ikianguka, mfuniko unaenda huku, betri kule, nguvu ya pigo inamalizikia njiani. Unakusanya vipande vitatu, unaviunganisha, unaendelea na maongezi. Simu ya leo imegandishwa kila upande, haina pa kuitupia nguvu hiyo ila kwenye kioo chake mwenyewe.

Wenye kioo hawajalala, tuseme kweli. Corning wa Marekani, wanaotengeneza Gorilla Glass, hukitumbukiza kioo katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 400 hivi. Chembe ndogo za sodiamu zinatoka, kubwa za potasiamu zinajibana mahali pao, na uso wote unabaki umekazwa kiasi kwamba ufa hauanzi kirahisi. Gorilla Glass Victus 2 ya mwaka 2022 ilitangazwa kuhimili mita 1 juu ya sakafu inayofanana na zege, na mita 2 juu ya inayofanana na lami. Msomaji asipite haraka hapo. Mita 1 ni kimo cha kiuno. Sikioni unapoongea ni juu zaidi.

Kuna tena suala la mikwaruzo. Katika kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, kioo cha simu huanza kuchubuka kwenye 6 na kuchimbika kwenye 7, kama Zack Nelson wa chaneli ya JerryRigEverything alivyorudia kuonyesha kwa simu moja baada ya nyingine. Funguo za chuma hazifiki huko. Mchanga wa kwazi ni 7 kamili, na ufuko wa Tanganyika hauna upungufu wa mchanga. Punje zikiingia ndani ya kava zinasaga mgongo polepole, kwa hiyo anayeivalisha simu bila kuivua na kuifuta anaiharibu kwa ulinzi wake mwenyewe.

Utetezi mkubwa wa kioo ni kuchaji bila waya, ambako chuma huzuia. Lakini plastiki haizuii. Nokia Lumia 920 ilichaji bila waya mwaka 2012 ikiwa na mwili wa plastiki, na Samsung wakafanya vivyo hivyo kwa Galaxy S21 mwaka 2021. Mgongo wa kioo, kwa maoni yangu, ni urembo tu, na urembo si dhambi, ila usiuzwe kwa jina la ufundi.

Soko la kwetu limeshaamua bila mjadala. Tecno, Itel na Infinix nyingi zina mgongo wa plastiki uliong'arishwa ukafanana na kioo, na mara nyingi kava laini limo ndani ya boksi.

Burundi nayo ina rekodi yake katika habari hii, na haitajwi madukani. Mgodi wa Gakara, kusini mashariki mwa Bujumbura, ulipoanza uzalishaji mwaka 2017 ulikuwa mgodi pekee barani Afrika uliokuwa ukitoa madini adimu, na mawe yake yalikuwa miongoni mwa yaliyo tajiri zaidi duniani. Kati ya madini hayo kuna neodimiamu, inayofanya sumaku za spika, za mtetemo, na ile pete ya sumaku iliyofichwa nyuma ya iPhone tangu mwaka 2020. Kazi ya mgodi ilisimamishwa mwaka 2021.

Kwa anayeshinda Zone Industrielle, jibu ni kava, bila kusitasita, na afadhali zaidi ni simu isiyo na kioo mgongoni. Achana na yale magamba membamba magumu. Hayo huzuia mikwaruzo tu. Tafuta la mpira laini lenye pembe nene, kwa kuwa pembe ndizo hupokea pigo. Simu ikipata moto wakati wa kuchaji, ivue. Na kabla hujalipa, lijaribu kava papo hapo: laza simu kifudifudi juu ya meza ya muuzaji, kisha uigeuze. Kama kioo au kamera inagusa meza, rudisha uchukue jingine.