Mtu Akisahau, Hubaki Nini?

Brenda Milner alimwomba mgonjwa wake ashike kichwani namba moja tu: 584. Robo saa ikapita bila mtu kumsumbua, na aliporudiwa akaitaja namba ile pasipo kusita. Alipoulizwa ameiwezaje, akaeleza kwamba 5, 8 na 4 ukizijumlisha unapata 17. Unashika 8, unaitoa kwenye 17, inabaki 9. Ile 9 ukiigawa unapata 5 na 4, basi hiyo ndiyo 584. Ni hesabu safi ya mtu mwenye akili timamu. Kisha fikira zake zikahamia kwenye jambo jingine, na baada ya dakika moja hivi namba ilikuwa imepotea pamoja na hesabu zake zote. Mgonjwa hakujua hata kama alikuwa amepewa namba ya kukumbuka.

Mtu huyo ni Henry Molaison wa Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Kwa miongo mitano vitabu vya saikolojia vilimtaja kwa herufi mbili tu, H.M., ili kumsitiri. Jina lake kamili lilitangazwa alipofariki tarehe 2 Desemba 2008, akiwa na umri wa miaka 82. Sidhani kama yupo binadamu mwingine aliyewafundisha wanasayansi mengi zaidi kuhusu kumbukumbu. Naandika habari zake kwa sababu karibu kila ukoo kwetu una mzee anayesahau, na namna wengi wetu tunavyoishi na wazee hao inaonyesha kwamba alichotufundisha Henry bado hakijafika majumbani.

Kifafa kilimwanza utotoni. Alipofika miaka 27 alikuwa ameshaacha kazi kiwandani, na dawa, hata kwa vipimo vikubwa, hazikuwa zikimsaidia. Mwaka 1953 daktari wa upasuaji William Scoville alimfungua fuvu na kuondoa sehemu ya ndani ya ubongo iliyo usawa wa masikio, kulia na kushoto. Kilichotoka ni sehemu kubwa ya hipokampasi pamoja na amigdala na tabaka zilizo jirani nazo. Kifafa kilipungua sana. Lakini Henry hakuweza tena kuwatambua wahudumu wa hospitali waliomhudumia kila siku, na njia ya kwenda msalani ilimpotea kila mara.

Milner, mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada, alimpima mwezi Aprili 1955. Alipomuuliza tarehe, Henry alisema ni Machi 1953 na kwamba ana miaka 27. Kwa upande wa akili alipata alama 112, zaidi hata ya 104 alizopata kabla ya upasuaji. Aliongea vizuri, adabu yake haikubadilika, na mambo ya utotoni aliyasimulia sawasawa. Alichopoteza ni uwezo wa kuweka jambo jipya likae. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba kumbukumbu imesambaa ubongo mzima na haina mahali pake maalumu. Ripoti ya Scoville na Milner ya mwaka 1957 iliitikisa imani hiyo kutoka kwenye mizizi.

Ila jaribio ninalolipenda mimi ni la nyota. Henry aliwekewa karatasi yenye nyota iliyochorwa kwa mistari miwili inayokwenda sambamba, ikiacha kijia chembamba katikati. Kazi yake ilikuwa kupitisha penseli ndani ya kijia hicho mpaka azunguke nyota yote. Tatizo ni kwamba mkono na karatasi vilikuwa vimekingwa asivione, akiviona kwenye kioo tu. Aliyewahi kujinyoa kisogo kwa kutumia vioo anajua taabu yake: unataka kwenda huku, mkono unakwenda kule, na kwenye kila kona ya nyota penseli hugoma na kutetemeka. Henry naye alianza vibaya, akitoka nje ya mistari tena na tena. Akarudia, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, mizunguko 30 kwa jumla. Makosa yakapungua. Siku ya pili mkono ulianzia pale ulipoishia jana, na siku ya tatu alichora karibu bila kosa. Na kila siku aliapa kwamba kazi hiyo hajawahi kuiona maishani mwake.

Tulia kidogo hapo. Mkono ulijifunza, ukalala usiku na ulichojifunza, ukaamka nacho, huku mwenyewe hana habari. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Ipo kumbukumbu ya matukio na habari: jana ulikula nini, mjukuu wako anaitwa nani, hotuba ya rais ilisemaje. Hii tunaijua tunayo, tunaweza kuisimulia, na hipokampasi ndiyo inayoisajili. Ipo nyingine ya ustadi, kama kuendesha baiskeli, kukuna nazi au kushona. Hiyo haihitaji hipokampasi, maana inategemea sehemu nyingine za ubongo, zikiwemo zile za chini zinazoratibu mwendo wa viungo, na hufanya kazi bila sisi kuitazama. Mwaka 1980 Neal Cohen na Larry Squire waliitenganisha hivyo kwa uwazi: kujua kwamba jambo fulani liko hivi, na kujua namna ya kulifanya.

Nimekaa barazani na bibi mmoja huko Pemba, mwenye miaka themanini na kitu. Mjukuu aliyemlea mwenyewe aliingia, akamwamkia. Bibi akaitikia marahaba, kisha akamuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Binti akajibu kwa upole. Muda si muda swali likarudi, lile lile. Wakati wote huo bibi alikuwa na ukili mikononi. Vidole vilipasua jani la ukindu kwa ukucha, vikaliingiza chini ya jani la awali kabla halijaisha ili ukili usikatike, vikakunja ukingo, vikavuta, na ukingo ukatoka umenyooka mwanzo hadi mwisho, yeye macho yake yako uani kwa kuku. Nilimuuliza, bibi, unajuaje wakati wa kuongeza jani? Akatua kusuka, akautazama ukili ule kama wa mtu mwingine, akasema hajui. Akaendelea.

Ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa cha dimensia (ugonjwa wa kudhoofika kwa akili na kumbukumbu) duniani, kwa kawaida huanzia palepale alipokatwa Henry: hipokampasi na tabaka la jirani yake. Ndiyo maana dalili za mwanzo hufanana na hali yake. Mzee anauliza jambo lile lile mara tano, anasahau kuwa ameshakula, lakini hadithi za ujana wake zinatoka kamili na majina ya watu wote. Tayari mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alikuwa ameandika kwamba kumbukumbu changa huondoka kabla ya zile kongwe. Sababu, kwa kadiri sayansi inavyoelewa leo, ni kwamba jambo likishakaa muda mrefu na kurudiwarudiwa, linaenea kwenye tabaka la juu la ubongo na haliitegemei sana hipokampasi. Mzee asiyejua leo ni siku gani huweza kusoma Al-Fatiha mpaka mwisho, au kuimba wimbo wa kanisani beti zote. Jamaa wakisikia hivyo husema, "Kumbe anajifanya tu." Hajifanyi hata kidogo. Vitu hivyo viwili vinakaa mahali tofauti.

Kupotea njia nako kuna maelezo yake. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky, wakiwa London, waligundua kwamba ndani ya hipokampasi ya panya kuna seli zinazowaka pale tu mnyama anapofika mahali fulani, kila seli na mahali pake. Ugunduzi huo ndio uliomfikisha O'Keefe kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kwa hiyo kiungo kinachosajili matukio ndicho pia kinachochora ramani ya mji. Kikianza kufa, mzee hutoka msikitini kwenye njia aliyoipita miaka arobaini, akakuta haijui. Anaonekana usiku nje ya nyumba ya watu, haeleweki anatafuta nini, na kwetu hapo minong'ono ya uchawi huanza. Inauma sana kwamba mgonjwa huadhibiwa kwa dalili za ugonjwa wake.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni hisia. Mwaka 1911 daktari wa Geneva, Édouard Claparède, aliandika habari za mwanamke mgonjwa aliyekuwa hamtambui daktari wake hata wakionana kila siku. Claparède alificha pini kiganjani, akampa mkono, akamchoma. Dakika chache baadaye mwanamke hakukumbuka kitu, lakini daktari alipomnyooshea mkono tena alikataa kuupokea. Akibanwa aseme kwa nini, alitafuta sababu hivi hivi. Tukio lilikuwa limefutika, tahadhari ikabaki. (Jaribio kama hilo leo lisingeruhusiwa, na ni haki.) Miaka mia moja baadaye, watafiti wa Iowa, Marekani, waliwaonyesha watu wenye Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha. Baada ya muda mfupi walikuwa wamesahau mengi ya waliyoyaona, na mmoja hakukumbuka hata kwamba ametazama filamu. Huzuni yenyewe, au furaha, ilikuwa bado imo ndani yao, na imedumu kuliko habari iliyoileta.

Hebu tulipeleke hilo nyumbani. Mama amemwaga chai mara ya tatu, unamfokea, halafu unajiambia, si kitu, atasahau sasa hivi. Maneno yako atayasahau, kweli. Uchungu wake atashinda nao bila kujua umetoka wapi, na jioni mtashangaa kwa nini amekataa kula. Kinyume chake nacho ni kweli. Wapo wanaoacha kumtembelea mzee kwa kuwa "hatajua kama nimekuja". Nusu saa uliyokaa naye ukimshika mkono na kumchekesha itaendelea kufanya kazi ndani yake baada ya wewe kupanda daladala.

Henry alikuwa na mjomba aliyempenda. Alipoelezwa kwamba mjomba amefariki alihuzunika sana, kisha akasahau, na kila alipouliza mjomba atakuja lini na kujibiwa, msiba ukaanza upya kwa uzito ule ule. Nalikumbuka hilo ninapowasikia watu wakimjibu mama mzee anayemuulizia mumewe: "Mama, baba alikufa zamani, tulimzika wote, umesahau?" Wanasema kweli, na nafahamu kwa nini wengi hawataki kusema uongo. Lakini hakuna anayelazimika kumfisha baba kila asubuhi. Muulize baba alipenda kula nini, walionana wapi mara ya kwanza. Anayemuulizia mtu mara nyingi anamtamani, na kumzungumza kunatosha. Vivyo hivyo acha ule mtihani wa "Haya bibi, mimi nani?" Unampima kwenye somo moja alilonyang'anywa, tena mbele za watu. Mwamkie, jitaje, taja na mzazi wako, kisha mpe kazi ambayo mikono yake inaijua: mchele wa kuchagua, kamba ya kusokota, shanga.

Yako mambo ya kuwahi hospitalini. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo amechanganyikiwa ghafla, asipelekwe kwa mganga wala kuachwa kwa kusema ni uzee. Mara nyingi huwa ni malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka au dawa zilizogongana, na hayo yanatibika. Hata usahaulifu unaokuja taratibu huweza kuletwa na ukosefu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, au sonona, navyo vina tiba.

Kuipima dimensia kwenyewe kulihitaji ubunifu wa hapa hapa kwetu. Vipimo vingi vya nchi za Magharibi vinamtaka mtu achore kwa penseli na kutaja tarehe, jambo linalomwonea mkulima ambaye hakusoma shule. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, waliotangaza mwaka 2013 kwamba dimensia inawapata kama asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi huko, walitengeneza kipimo kingine kinachomfaa mtu huyo. Mzee hupangiwa njiti za kiberiti kwa umbo fulani naye alipange vilevile, hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, huulizwa daraja ni nini. Hai hiyo hiyo wakajaribu pia vikao vya vikundi: wazee wenye dimensia walikutana mara 14 katika wiki saba, wakiongozwa na wahudumu waliofunzwa, wakazungumza habari za zamani, wakaimba, wakacheza michezo na kufanya kazi za mikono. Ugonjwa wenyewe haujapata dawa ya kuuponya. Hata hivyo, wazee hao walipopimwa baada ya vikao hivyo, akili zao zilifanya vizuri zaidi kuliko walipoanza, na wasiwasi wao ulikuwa umepungua.