Ratili ya nyama na gunia la kahawa



Julai, wakati kahawa inachumwa Umatengo, niliteremka kutoka Mbinga hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, karibu na Mbamba Bay. Jumamosi jioni nikakuta vijana wa kigango wanaigiza Mabepari wa Venisi. Hawakuwa na ukumbi. Walisafisha mchanga karibu na mitumbwi, wakaazima meza ya katekista iwe ya hakimu. Watoto walikaa mbele, akina mama kwenye khanga zao, na wavuvi wakasimama nyuma wakisubiri muda wa kuingia ziwani. Mwera ulipovuma, waigizaji walipaza sauti.

Wapo wanaodhani michezo ya Shakespeare ni ya wasomi. Lakini ukumbi wa Globe, uliojengwa London mwaka 1599, haukuwa na paa katikati, na watu wa senti chache walisimama humo kama wale wavuvi. Sisi tuliletewa mchezo huu na Mwalimu Nyerere, aliyeutafsiri akiwa Rais, ukachapishwa mwaka 1969. Jina la asili linamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu akaandika mabepari, kwa wingi.

Hadithi yenyewe ni ya deni. Antonio anamdhamini rafiki yake kwa dukati 3,000 kutoka kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji. Zisipolipwa ndani ya miezi mitatu, Shylock atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Siku inapita na fedha hazipo. Binti aliyekuwa Shylock alitoa kisu, akakinoa kwenye soli ya kiatu. Mama mmoja jirani yangu akasema kwa sauti, "Jamani, si amsamehe tu!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Januari mzee mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo alinijia. Mjukuu wake alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza na hakuwa na sare wala godoro. Nilimpa fedha, tukakubaliana anilipe gunia la kahawa wakati wa mavuno. Kwetu tunaita magoma. Gunia hilo, likipelekwa AMCOS na kuuzwa mnadani, lingenirudishia zaidi ya mara mbili ya nilichotoa. Karatasi aliyotia dole gumba ilikuwa kwenye pochi yangu jioni ile.

Usidhani mchezo huu unamlaumu Shylock peke yake. Wakristo wa Venisi wamemtemea mate na kumwita mbwa. Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anahubiri huruma vizuri mno mbele ya mahakama. Dakika chache baadaye Shylock ameshindwa, na Wakristo wale wale wanamnyang'anya mali na kumlazimisha abatizwe. Huruma waliyoihubiri hawakumpa. Mchezo huu umetumiwa mara nyingi kuwachukia Wayahudi. Mkristo anayeutazama vema atarudi nyumbani akijichunguza mwenyewe.

Na Wayahudi ndio waliotupa sheria iliyo katika Kutoka 22: ukichukua vazi la jirani yako kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijazama, maana ndilo atakalojifunika usiku. Anayejua baridi ya Umatengo mwezi Julai anaelewa uzito wa agizo hilo. Naye Yesu, katika Mathayo 18, anatuonyesha mtumishi aliyesamehewa deni lisilolipika, akatoka na kumkaba koo mwenzake kwa deni dogo.

Mchezo ulipokwisha jua lilikuwa linazama upande wa Malawi. Wavuvi wakawasha taa zao wakaingia ziwani kutafuta dagaa.

Jumatatu nilikwenda kwa yule mzee. Magunia yalikuwa ukumbini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwalimu. Umefuata gunia lako?"

"Nimefuata kukwambia ulipeleke AMCOS. Utanirudishia kile kile nilichokupa."

Alinyamaza kidogo. "Malipo ya AMCOS yanachelewa."

"Nitasubiri, Baba."

Nikampa ile karatasi. Hakuichana. Aliikunja akaitia mfukoni, kama mtu asiyeamini bado. Nilimwelewa.

Usinisifu. Msimu uliopita nilichukua gunia kwa mjane mmoja kwa magoma hayo hayo, nikaliuza, faida nikaila. Ibada zote za mwaka huu tumekaa kanisa moja, tukipeana mkono wa amani. Kwake bado sijaenda. Kumsamehe anayedaiwa si kazi ngumu sana. Kurudisha kilichokwisha kuliwa ndiko kunakonipa shida, na Zakayo hakupewa njia nyingine.

Leo baada ya Misa nitapita kwake. Nawe msomaji, kabla jua la leo halijazama, angalia ndani ya pochi yako, uone umeshika vazi la nani.

Dominika njema.